Kati ya Daraja la Pili na Mizani

Kituo Kikuu
3 Machi, saa tatu asubuhi

Mjomba, shikamoo.

Naanza na sauti, utanisamehe. Tangu nikae kwenye meza hii mpya nasikia funguo zikianguka kwenye sahani. Si hapa ofisini, hapa hakuna sahani. Ni ile yako ya bati, yenye maua mekundu yaliyobabuka, uliyokuwa ukiiweka sakafuni pembeni ya kiti kila ukirudi safari. Unakaa, unaning'iniza mkono, umeshika funguo za gari kwa vidole viwili. Sisi watoto tunanyamazishwa. Usingizi ukikukolea vidole vinalegea, funguo zinaanguka, kachang'. Unafumbua macho, unasema, "Tayari, nimelala," unaomba maji, unaondoka. Sura yako ya wakati ule siikumbuki vizuri. Sauti naikumbuka kama ilivyo.

Huku nyumbani hatujambo. Goti la Mama bado linamsumbua. Daktari kamwambia aachane na ngazi, naye kajibu kwamba ngazi ndizo ziachane naye, maana yeye ndiye aliyetangulia kuwepo. Mdogo wangu amepata kazi ya kushona sare za shule, sasa nyumba nzima ina nyuzi za bluu, hata kwenye sukari. Paka aliyekuwa akilala juu ya redio amekufa. Mama anasema usiambiwe, kwa hiyo hujaambiwa.

Sasa la kazi. Unaikumbuka ajali ya mwaka jana, ya yule dereva uliyemfundisha mwenyewe, aliyetoka barabarani mchana kweupe, barabara imenyooka, hakuna hata alama ya breki. Baada ya hapo kampuni imeamua awepo mtu wa kushughulikia uchovu wa madereva. Mtu huyo ni mimi. Wamenipeleka kozi ya wiki mbili. Nimejifunza kwamba ubongo uliochoka unaweza kujizima kwa sekunde nne au tano macho yakiwa wazi, na mwenyewe asijue. Nimejifunza pia kusoma ripoti za ajali. Hiyo ya mwaka jana niliisoma yote, pamoja na picha, halafu nikangoja nione nitajisikiaje. Sikujisikia kitu. Nilipiga chafya, nikafungua ukurasa mwingine.

Kuanzia wiki ijayo kila dereva atajaza fomu ya kijani kabla ya kukabidhiwa funguo. Swali kubwa ni moja: katika saa ishirini na nne zilizopita, umelala kwa muda wa saa ngapi? Aliyelala chini ya saba hapewi gari. Wanaopakia hapa Kituo Kikuu fomu zao nazigonga mimi, muhuri unaosema AMEPUMZIKA. Wa vituo vingine anawagongea msimamizi wao, kisha fomu zinaletwa kwangu kwa gari lolote linalokuja, kama zinavyokuja barua zetu.

Huko kituo cha juu wewe ndiye mkubwa wao na wanakusikiliza. Nakuomba uwaambie waandike ukweli.

Mpwa wako.


Kituo cha Juu
14 Machi, saa kumi na moja jioni

Mpwa wangu,

Marahaba, na nyingine ya akiba. Barua yako ilifika jana mkononi mwa dereva mwenzangu Bundi. Ilikuwa imelala kwenye dashibodi pamoja na spana, imepata mafuta kidogo lakini inasomeka. Nimefurahi kwamba bado unaandika tarehe na saa juu kabisa, kama nilivyokufundisha ulipokuwa bweni. Dereva akiandika kitu bila saa, ujue kuna anachoficha au hajui aendako.

Mwambie dada yangu goti apake mafuta ya moto asubuhi, asingoje jioni. Mwambie pia naona anavyojibizana na madaktari na sijashangaa. Nasikitika kwa paka ambaye sijaambiwa habari zake.

Fomu zenu zimefika. Rangi nzuri. Niliwakusanya wenzangu kwenye meza ya chai nikawasomea. Bundi akauliza, "Na usingizi wa kwenye foleni ya mizani unahesabiwa?" Yule tunayemwita Shemeji, kwa sababu kila tunapolala ana shemeji, naye akataka kujua, "Niandike nilivyolala au nilivyojilaza?" Wakacheka mpaka msimamizi akatoka nje kuangalia. Nikawaambia, jamani, anayezisoma hizi ni mtoto wangu, andikeni ukweli. Wakachukua kalamu. Halafu wote wakaandika nane.

Usivunjike moyo. Nane ni namba ya adabu. Ukimuuliza mtu hujambo hakuelezi maradhi yake yote.

Huku kwangu ni salama. Bado napeleka saruji njia ileile, kutoka hapa mpaka mpakani na kurudi. Kioo cha pembeni cha gari langu kimevunjika, niligusa nguzo ya geti nikirudi nyuma. Nakuandikia wewe mwenyewe ili ukisikia kwa watu usidhani vingine.

Huko ofisini unaitwaje? Hapa wameshakupa jina. Wewe ni Dada Muhuri.

Mjomba wako.


Kituo Kikuu
2 Aprili, saa sita mchana

Mjomba, shikamoo.

Mama amepaka mafuta ya moto asubuhi, jioni akapaka tena ili akukomoe. Anatembea vizuri zaidi lakini hataki isemwe. Mdogo wangu amejitoboa kidole na sindano ya mashine. Amefungwa kitambaa cha bluu, anaonekana kama sehemu ya sare.

Fomu za Machi zimekusanyika. Ni mia mbili na kumi na nne. Mia mbili na kumi na tatu zinasema nane. Nilizipanga mezani kwa vituo, kisha kwa siku, kisha kwa umri wa dereva. Hakuna dereva aliyelala saba na nusu, hakuna aliyelala tisa siku ya kupumzika. Mkuu wa idara alipita, akatazama, akasema, "Safi sana, watu wanalala." Nilimwangalia usoni kuona kama anatania. Hakuwa anatania.

Moja tu imeandikwa nne. Ni ya huko kwenu, ya dereva mwembamba aliyehamia kwenu mwaka jana. Pembeni ameandika kwa herufi ndogo: mtoto anaumwa, tumekesha. Nilikaa na karatasi hiyo muda mrefu. Nikamwandikia msimamizi wenu kwamba asipewe gari, alale, na safari inayofuata iwe yake. Tafadhali niambie ilikuwaje.

Huenda utaniuliza ninavyoendelea. Naendelea. Nalala mapema, naamka mapema, nakuja kazini, nagonga. Muhuri ukiugonga vizuri herufi zote zinatoka, ukiugonga kwa upande ile P ya katikati inafifia. Hilo ndilo jambo ninaloweza kukuambia kuhusu siku yangu. Kuna wakati naamka na sijui kama nimepumzika, na hakuna wa kunigongea mimi.

Jambo dogo la mwisho. Kitabu cha geti lenu kinaonyesha gari lako liliingia kioo kikiwa kimeshavunjika. Labda mlinzi alikosea kuandika.

Mpwa wako.


Kituo cha Juu
Jumapili, 19 Aprili, saa kumi jioni

Mpwa wangu,

Marahaba. Salamu kwa dada yangu na magoti yake yote mawili, lisije moja likaona wivu. Huku mvua imegoma, vumbi ndilo linalotusalimia. Mimi nina afya.

Umetaka habari za huyo aliyeandika nne. Kwanza hana tena jina. Anaitwa Nne. Barua yako ilifika, msimamizi akaisoma kwa sauti, gari lake akapewa Shemeji. Hapo hakuna ubaya. Ubaya ni kwamba safari iliyofuata msimamizi alisema imekwisha pangwa, na ya baada yake pia. Nne alikaa kwenye benchi siku sita. Siku ya pili kuna mtu alimletea mto wa mtoto mchanga, una picha ya sungura. Kila dereva akipita anampapasa kichwa, "Lala baba, lala, mama anarudi sasa hivi." Naye anacheka pamoja nao, afanyeje. Mtoto wake alikuwa bado anaumwa.

Juzi alipewa fomu akaandika nane. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Macho yalikuwa mekundu kama taa za breki.

Sisemi kwamba ulikosea. Nasema tu kwamba barua yako ilisafiri kilomita mia tisa na arobaini ikafika ikiwa ni kitu kingine.

Wewe umejifunza usingizi kwenye kozi, mimi nimeujifunza kwenye kiti. Sahani yangu haijaniangusha miaka thelathini na moja. Funguo zikianguka unaamka, na hapo umeshapata ulichokihitaji. Nimewafundisha wote hapa. Ukipita mchana kwenye banda la kupumzikia utasikia kachang' huku, kachang' kule, kama jikoni kwenye harusi. Kila mtu ana sahani yake na jina lake chini.

Kuhusu kioo, kioo ni kioo. Wameshabadilisha.

Naikatisha hapa, kuna gari linaondoka.

Mjomba wako.


Kituo Kikuu
22 Aprili, saa mbili asubuhi

Mjomba, shikamoo.

Nyumbani hawajambo.

Barua yako nilipewa juzi Jumatatu, saa kumi kasoro jioni, nikitoka. Mlinzi wa geti letu, yule mzee anayetuita sote bosi, alinisimamisha.

"Bosi, barua yako."

"Imekuja na nani?"

"Na mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye mwandiko. Kasema nikupe ukitoka, usisumbuliwe, una kazi."

"Yuko wapi?"

"Kashaondoka, bosi. Saa tisa. Si ulimgongea mwenyewe?"

Nilirudi ndani. Furushi la mchana lilikuwa bado mezani. Fomu ya kumi na moja ni yako. Mwandiko wako, ule wa kuegemea kulia. Safari ya dharura, kwa niaba ya Bundi aliyelazwa. Umelala kwa muda wa saa ngapi: nane. Juu yake muhuri wangu, umenyooka, herufi zote zimetoka. Hata P.

Kitabu cha geti kinasema uliingia saa tano asubuhi. Juu ya barua yako umeandika Jumapili, saa kumi jioni, na ukasema gari linaondoka. Hapo katikati ni saa kumi na tisa. Gari la saruji kwa mwendo halali, bila kusimama hata kunywa maji, linahitaji kumi na saba. Kisha ulishusha, ukapakia, na baada ya muda wa saa nne ulikuwa barabarani tena, kilomita mia tisa na arobaini nyingine mbele yako. Hakuna mahali popote katika hesabu hiyo panapoingia nane. Nimejaribu kuiweka kila upande.

Kwenye fomu uliandika unachotakiwa kuandika. Kwenye barua uliandika saa, kwa sababu ndivyo ulivyonifundisha.

Ulikuwa hatua thelathini kutoka kwenye meza yangu. Mama alikuwa nyumbani, dakika kumi kwa miguu. Sijamwambia kwamba ulikuja.

Sikuulizi kwa fomu. Nakuuliza tu. Uko vipi?

Mpwa wako.


Kituo cha Juu
24 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Utanisamehe nimechelewa kujibu, gari la kuja huko halikupatikana.

Natumaini dada yangu anaendelea vizuri na kwamba huyo fundi wa sare amepona kidole. Huku tuko salama. Bundi ametoka hospitali, amekonda, anasema alilala siku tisa mfululizo na sasa amemaliza usingizi wa mwaka. Mtoto wa Nne amepona. Mto wa sungura amepewa huyo mtoto, kwa hiyo umepata kazi ya maana.

Ni kweli nilikuja. Nilipita dirishani kwako. Ulikuwa umeinamisha kichwa, unachukua karatasi kushoto, unagonga, unaweka kulia. Nilisimama pale kitambo. Niliiona yangu ikipita, ile yenye kona iliyokunjika. Hukuinua macho. Nikasema moyoni, mtoto ameijua kazi, mkono wake hautetemeki. Nikaona nikuache. Sikutaka unione nikiwa na vumbi lile.

Basi.

Unaniuliza niko vipi. Niko kama gari la zamani, linawaka. Sahani tu ndiyo siku hizi ina matatizo, nadhani bati limechoka. Juzi niliamka nikakuta funguo zimelala ndani yake na jua limeshahama upande wa pili wa banda. Sikusikia kitu. Shemeji anasema zilipoanguka hata mbwa aliruka.

Kuna jingine la kuchekesha. Ukitoka hapa kituoni kuna daraja la kwanza, kuna la pili, halafu kuna mizani. Siku hizi nakumbuka daraja la pili, halafu nakumbuka mizani. Katikati pale naona barabara wameifupisha. Nimewauliza wenzangu, wanasema ipo kama ilivyokuwa.

Nakuomba jambo moja, na sijawahi kukuomba. Usiweke kitu kwenye faili langu. Imebaki miezi kumi na minne nistaafu. Dereva akitolewa barabarani kwa uchovu haandikwi mchovu, anaandikwa mgonjwa, na mgonjwa hapewi hata geti kulinda. Nataka nishuke kwenye gari langu mwenyewe, siku yangu ikifika, nizime, niweke funguo mezani, niseme kwaherini. Si nishushwe kama mzigo. Nimekulea, unanijua. Nitajiangalia.

Mjomba wako.


Kituo Kikuu
16 Juni, saa tatu asubuhi

Mjomba, shikamoo.

Mama anatembea. Mdogo wangu amemaliza oda ya sare, nyuzi zimeanza kupungua kwenye sukari. Nimekuandikia haya ya nyumbani kwanza kwa sababu ndivyo tunavyoandika, na kwa sababu sijui kama ukifika katikati ya barua utaendelea kusoma.

Barua yako ya Mei haikuwa na saa. Niliigeuza, nikatazama nyuma, nikatazama ndani ya bahasha. Magari kumi na moja yalikuja kutoka kwenu kati ya Aprili na siku ile. Sikulaumu. Nasema tu kwamba niliona.

Nilichukua ramani ya barabara ile. Kutoka daraja la pili mpaka mizani ni kilomita thelathini na nane. Hakuna aliyeifupisha. Kwa mwendo wako ni kama dakika arobaini. Humo ndani kuna kona sita, soko, na shule moja ambayo uwanja wake uko upande huu na madarasa upande ule. Watoto wanavuka asubuhi, mchana na jioni. Wewe unayapita yote hayo, gia unabadilisha, kona unakata, na mwenyewe hupo. Kwenye kozi walituambia kwamba mikono inaweza kukumbuka njia peke yake. Hawakutuambia inakumbuka mpaka lini.

Nilikuwa na barua hiyo kwenye droo siku kumi na tisa. Nataka ujue hesabu yake. Siku kumi na tisa nilikuja kazini, nikafungua droo nichukue muhuri, nikaiona, nikafunga. Kila siku nilijiambia leo nitajisikia kitu halafu nitaamua. Nilidhani mtu anaamua akishajisikia. Nilikuwa nakula, nacheka watu wakicheka, nawajibu. Ndani hakukuwa na kelele yoyote. Siku moja nikagundua kwamba nimegonga furushi zima na sikumbuki hata fomu moja. Nakumbuka ya kwanza, halafu nakumbuka ya mwisho. Nikazifungua tena kuangalia kama nilikuwepo. Mihuri yote imenyooka.

Hapo nikaacha kungoja kujisikia.

Jana saa nne asubuhi niliandika kwamba usiendeshe tena. Nilisaini, nikaipeleka mwenyewe ghorofa ya pili, nikamwona mkuu wa idara akisaini chini yangu. Aliuliza, "Ni mjomba wako kabisa, au mjomba wa heshima?" Nikamwambia kabisa, tumbo moja na Mama. Akauliza ushahidi uko wapi, maana fomu zako zote zinasema nane, miezi mitatu. Nikampa barua zako. Ile ya tarehe 19 yenye saa, na ile ya Mei. Hakukuwa na kingine duniani kinachosema ukweli juu yako. Hukuziandika ili zisomwe na mkuu wa idara, najua. Amezisoma mbele yangu. Kwenye barabara kufupishwa alitabasamu, kisha akaacha.

Niliambatisha pia maelezo yangu mwenyewe, kwamba tarehe 20 Aprili mimi ndiye niliyegonga AMEPUMZIKA juu ya mtu ambaye hajalala tangu siku iliyotangulia, na kwamba nimekuwa nikigonga hivyo tangu Machi bila kumtazama mtu hata mmoja. Wamenipa siku saba nijieleze zaidi. Sina zaidi. Muhuri nimeurudisha stoo. Mpaka watakaponiondoa, dereva anakuja mwenyewe mezani, anakaa, tunazungumza, namwangalia. Foleni imefika getini. Mlinzi anasema, "Bosi, umefungua zahanati?"

Nimeomba upewe banda la kupumzikia la hapa Kituo Kikuu, ulisimamie kwa miezi hii kumi na minne. Hawajajibu. Sikuahidi kitu ambacho sikishiki.

Mama nilimwambia jana jioni. Hajasema nami. Ananiwekea chakula, anaondoka. Leo alfajiri nikivaa viatu alisimama mlangoni kwa mgongo akasema, "Ulipokuwa na miaka tisa huna wa kukuchukua bweni, ni yeye aliyekuja." Nikasema najua. Akasema, "Basi." Sikumwelewa kama amemaliza au ndiyo anaanza.

Huenda nawe utasema basi. Nitaipokea.


17 Juni, saa nne asubuhi

Barua hii ilikuwa ije jana. Imechelewa, nakueleza kwa nini.

Anayeileta ni Nne. Alikuja huku na mzigo wa wiki iliyopita, nao wamempanga arudi akiendesha gari la abiria wa kampuni mpaka kwenu, kisha awe dereva wa gari lako. Jana mchana alikaa mbele yangu. Nikampa fomu. Akaishika kalamu muda mrefu, akaniuliza, "Ni kweli Dada Muhuri, umemshusha mjomba wako Sahani?" Nikamwambia ni kweli. Akaandika tano.

Nikamwambia akalale. Akauliza, "Na gari?" Nikamwambia gari litamngoja. Hakuamini, aligeuka mara mbili kabla ya kufika mlangoni. Baadaye nilichukua kiti nikakaa nje ya chumba cha madereva, na karatasi zangu magotini, ili msimamizi wa hapa akija kumwamsha anikute mimi. Alikuja mara mbili, akanikuta. Watu walipita wakatazama. Mmoja akasema, "Sasa Dada Muhuri analinda usingizi," mwenzake akamwambia anyamaze. Nilikuwa nasikiliza mlango. Nilidhani nitasikia funguo. Sikusikia chochote, Mjomba, hata kukohoa, mpaka nilipotoka kazini nikamwachia mlinzi kiti. Anasema na yeye hakusikia kitu.

Leo asubuhi Nne alipokuja mezani uso wake ulikuwa na mistari ya shuka. Nilimwangalia kisha nikaandika kwa mkono, hakuna muhuri: amelala.

Atafika kwako kesho kutwa, si kesho, kwa sababu njiani atalala tena. Ukimwona, mpokee. Hana kosa. Amekuja kuchukua gari. Funguo usizirushe mezani na usizitupie sahani. Mpe mkononi.

Mpwa wako.